Mwaka Niliolala na Vyombo vya Msiba

Bi Somoe tumemzika juzi Nachingwea. Nilipofika kutoka Ruangwa nilikuta mahema meupe yameshafungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na vijana waliovaa fulana za rangi moja wanagawa chakula kwenye sahani za kukodi. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja wa mtaa mwenye masizi mikononi. Nikauliza masufuria ya mtaa yako wapi. Binti mmoja akainua macho kwenye simu yake, akaniambia, "Masufuria gani, mama? Chakula kaleta mzabuni." Haya, mzabuni. Msibani si mahali pa kugombana na watoto wa watu. Lakini Bi Somoe mwenyewe, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Mtaa wa Mikoroshini mpaka magoti yalipomshinda, angekuwa hai angewatoa wale vijana mbio na fulana zao. Nikala wali wa mzabuni, mtamu tu, nikakaa, nikarudi nyumbani. Kulia sikulia. Mimi si hodari wa kulia misibani. Wanaonijua hawashangai, wasionijua wananisema, na waseme. Ila kesho yake nimekaa uani kwangu nachambua mbaazi, mwaka ule wote ukanijia, kuanzia chumba.

Nilikotoka na nilizaliwa na nani hayo hayana kazi hapa. Itoshe kwamba nilifika Nachingwea msichana, najua cherehani, natafuta chumba, na Bi Somoe alikuwa na chumba cha bei ya chini mno. Nikakubali kabla sijakiona. Alipofungua mlango nikaelewa. Nusu ya chumba ilikuwa yangu. Nusu ya pili ilikuwa ya masufuria meusi makubwa, yale ambayo mtoto anaweza kujificha ndani, na masinia, na ndoo, na mikeka iliyokunjwa, na turubai, na pembeni kabisa majembe na sepetu ya kuchimbia makaburi, yenye udongo mwekundu uliokauka. "Ukipanga hapa unapanga na hivi," Bi Somoe akasema, mikono kiunoni. "Ni vya mtaa. Wewe utashika ufunguo." Nikamuuliza kwa nini visikae chumbani kwake. Akanitazama kama nimemtukana. "Mimi mjane, Fatu. Nikilala navyo watu watasema nimevizoea." Basi nikaweka kitanda changu upande wa dirisha, cherehani mbele ya mlango, nikatundika pazia la kanga katikati ya chumba ili nisiamke nikayaona majembe. Pazia halikusaidia harufu. Moshi wa kuni za mkorosho hauondoki kwenye sufuria hata ulisugue kwa mchanga na majivu, nami nikawa nanukia msiba mpaka kwenye nywele.

Kushika ufunguo ndiko kulikoniingiza kwenye uongozi. Sikuchaguliwa na mtu. Umoja wetu wa kuzikana uliendeshwa na watu watatu: Bi Somoe, aliyekuwa na sauti, mimi, niliyekuwa na ufunguo, na Mzee Konstantini, Mmakua wa kigango cha Wakatoliki cha pale jirani, aliyeongoza wachimba kaburi na kujihesabu mtani wa mtaa mzima, Mmwera, Mmakonde, Myao, asiulizwe ameupata wapi utani huo. Tulikutana barazani kwa Bi Somoe Jumapili, baada ya watu wa misa kurudi na kabla ya alasiri. Kikao kilikwenda na togwa na muhogo wa kuchoma, na kilikwenda na kelele. Waislamu walitaka iandikwe kabisa kwamba nguruwe haingii kwenye masufuria ya mtaa. "Andika, Fatu," Mzee Konstantini akasema. "Nguruwe wangu nitampika kwenye kofia." Mtu asiyetokea kwenye misiba ya wenzake, kwenye wake naye hatatokewa; hiyo haikuwa na mjadala. Mfiwa hashiki mwiko: ukifiwa wewe kaa mkekani, wenzako watapika, wataosha, watakusogezea hata maji ya kunawa. Na vyombo vya msiba haviendi kwenye harusi. Hapo Mzee Konstantini akainuka kwenye kigoda. "Nyie si ndio mnasema kifo cha wengi harusi? Sasa sufuria inaogopa nini?" Bi Somoe akamwambia, "Mpelekee bintiyo siku ya harusi yake, tuone kama mkweo atakula." Mzee akakaa, akaomba togwa.

Kilichonipata mwaka ule hakikuja kwa siku moja. Kila kifo cha Mikoroshini kilipita kwangu kwanza, kabla ya msikitini, kabla ya kigangoni, maana watu hawawezi kukusanyika bila mikeka na maji ya moto. Nasikia hodi, nauliza, "Msiba wa nani?" Mwanzoni nilikuwa nakaa chini kwanza, mwingine naambiwa jina lake na jana nilimpunguzia gauni. Kufikia wakati watu wanavuna mbaazi, nilikuwa nauliza huku mkono unazungusha ufunguo, na jina nikilisikia nawaza tu kama ni msiba mkubwa wa masufuria yote au mdogo wa mawili. Nasema kama ilivyokuwa. Walimleta mtoto wa jirani yetu kutoka hospitali amefunikwa kanga, mama yake anajigaragaza, na mimi nilikuwa nahesabu moyoni ndoo ngapi zimetoboka. Nilijua kwamba zamani ningelia. Nilikuwa najitazama kama mtu anavyotazama mguu uliokufa ganzi, anaugusa, anasema huu ni wangu kweli? Hata leo sijui kama ganzi ile ilikuwa ugonjwa au ndiyo iliyonibeba.

Ila kulikuwa na Issa. Issa alikuwa utingo kwenye lori lililobeba magunia kati ya Ruangwa na Nachingwea, na suruali zake zilichanika magotini kila wiki, mpaka Bi Somoe akauliza kama siku hizi magunia yanapakiwa kwa magoti. Alikuwa anakaa kwenye kizingiti changu nikishona, miguu nje, anakula ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, kwenye karatasi, ananipigia soga za njiani. Hakuwahi kuingia ndani. Hakuwa anaogopa watu, alikuwa anaogopa majembe. "Fatu," anasema, "siku tukioana hivyo vidude vyako visije na kitanda." Alikuwa na meno mazuri. Nilimpenda, sina la kuficha, na kwa kuwa kila kitu kingine kilikuwa kimepoa ndani yangu, nilishika hilo moja kwa mikono miwili. Nilitaka kuolewa na Issa, niondoke kwenye kile chumba, ninukie kama wanawake wengine. Basi.

Mama yake alikuwa anakaa nyuma ya nyumba yetu, mjane, mwanamke wa shamba na swala, na kwenye umoja hakukosa msiba hata mmoja. Mimi hakunitaka. Nilimsikia kwa masikio yangu, niko ndani natarizi shuka, yeye na wenzake wako barazani wanapepeta mpunga. Mwenzake alimchokoza, "Mama Issa, mwali mnaye hapa hapa, huna haja ya kwenda mbali." Ungo ukasimama. Akasema, "Yule? Yule analala na vyombo vya msiba. Akivuka kizingiti changu, msiba utamfuata mpaka ndani. Mimi nina mwanangu mmoja tu." Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayesema mvua ikinyesha paa langu linavuja. Ungo ukaanza tena. Nikaendelea kutarizi, na lile ua ninalo mpaka leo, limepinda.

Issa alipoambiwa alicheka, kisha akaacha kucheka, maana bila mama yake mshenga asingekwenda popote. Akaja kwa Bi Somoe na kanzu yake ya Ijumaa, akapiga magoti barazani, akasema: "Shikamoo Bi Mkubwa. Naomba vyombo vihamishwe kutoka kwa Fatu. Mama amesema vikihama tu, hata mwaka mmoja Fatu akakaa bila hivyo vitu, yeye hana neno." Jumapili ile kikao kilijaa. Kila mmoja alikubali kwamba si haki msichana kuolewa na masufuria. Kila mmoja alisema, maskini, Fatu amejitolea. Bi Somoe akauliza, "Haya, nani atavipokea?" Jamani! Ghafla kila nyumba ina mgonjwa, kila chumba kinavuja, mwingine mkewe mjamzito, mwingine mumewe anaota vibaya. Watu ambao sinia zile zimewalisha kwenye misiba yao wenyewe wakawa wanaangalia viatu. Mzee Konstantini akasema padri hatamruhusu. "Padri hajui hata jina lako," Bi Somoe akamwambia. Mwisho ikakubaliwa kijengwe kibanda cha matofali nyuma ya kwa Bi Somoe, korosho zikishauzwa, vyombo vikae humo peke yao na mashetani yao. Wanaume wakaanza kufyatua matofali. Nilikuwa nakwenda kuyaangalia jioni yakianikwa, Issa ananiambia, "Hiyo ndiyo mahari yako, inakauka."

Matofali yalikuwa bado hayajachomwa. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, naunganisha sketi za shule. Nikamwona Mzee Konstantini amesimama mlangoni. Hakupiga hodi. Mzee yule hakuwahi kufika kwangu bila kuanza na utani, kwamba amekuja kunipima kaburi, kwamba Wayao wamemuuzia ufunguo. Siku ile kofia ilikuwa mkononi. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee." Akaitikia. Akasema, "Tunaomba vyombo." Nikainuka, mkono umeshafika kwenye ufunguo, nikauliza kama nilivyozoea, "Msiba wa nani?" Akaangalia cherehani. Akasema, "Si msiba. Kuna harusi."

Baadaye nilielewa. Kwetu mtu haambiwi kifo cha wake papo hapo, amesimama, peke yake. Anaambiwa fulani anaumwa kidogo, anaitwa nyumbani, anakalishwa katikati ya wanawake, ndipo asikie. Hivyo ndivyo ilivyo na ndivyo inavyofaa. Sasa watu walikuwa wameshaanza kujaa kwa Mama Issa, hakuna hata mkeka, ufunguo ninao mimi, na Bi Somoe ameshikwa kule na yule mama aliyeanguka. Wakamtuma Mzee Konstantini wakimwambia, vilete, lakini Fatu asijue. Maskini mzee wa watu, njia nzima alikuwa anatafuta uongo, na uongo alioupata ndio ule mmoja ambao mtu yeyote wa Mikoroshini asingeuamini. Nikamwambia, "Mzee, vyombo hivi haviendi harusini." Akasema, "Najua, mwanangu." Akavaa kofia, akaivua tena. Nikamwuliza, "Ni lori?" Akaitika kwa kichwa. Lilikuwa limepinduka kwenye mteremko kupita Nkowe, na Issa alikuwa juu ya magunia.

Nikafungua pazia. Nikamtolea mikeka kwanza, kisha turubai, kisha masufuria. Nikasema, "Chukua yote, msiba mkubwa huu." Nilisikia sauti yangu inasema hivyo. Nilikuwa nasubiri nianguke, au nipige ukelele, nikashika hata fremu ya mlango nijiandae. Hakikuja kitu. Yalipobaki majembe Mzee Konstantini akasema atayafuata mwenyewe baadaye, nisiyaguse. Nikayagusa. Nikampa.

Bi Somoe akanikuta njiani, nimebeba sinia kichwani. Akanitua, akanivuta chini ya ukuta wa nyumba ya watu. Macho yalikuwa mekundu. "Fatu mwanangu, nisikilize. Nikikukalisha mkekani kama mfiwa, mama yake atauliza nani kakuposa, na pale watu wamejaa. Tena unajua alisema nini juu yako. Nikikuacha jikoni, Mungu ananiona. Wewe unasemaje?" Nikafikiri. Niliona ule mlango, Mama Issa ndani, ananinyooshea kidole mbele ya mtaa mzima: si niliwaambia? Na nani angembishia? Alisema msiba utakuja, umekuja. Nikamjibu Bi Somoe, "Nitapika." Akanirudishia sinia kichwani.

Nikapika. Sijui niseme nini zaidi. Nilipika ugali wa wachimba kaburi, nikapika mbaazi za nazi, nikapika chai ya waliotoka Ruangwa na wale wa Nanganga waliofika kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Wanaume walimbeba, tukasikia dua zinavyofifia barabarani, wanawake ndani wakapiga kelele, mimi nikawa nasonga kwa sababu ugali ukiuacha hapo unashika chini. Wanawake wenzangu jikoni walikuwa wanajua yote. Walininong'onea, "Fatu, pumzika," lakini neno pole hakuna aliyelitamka. Siwalaumu. Kunipa pole kulikuwa ni kusema mimi nimefiwa, na kusema nimefiwa kulikuwa ni kumchagulia Mama Issa mkwe siku anayomzika mwanawe. Pole zilipita juu yangu siku zote zile, kutoka langoni kwenda mlangoni, kutoka mlangoni kwenda mkekani, kama sahani zinazopokezanwa. Nilizitaka. Kitu pekee nilichosikia waziwazi siku zile ni njaa ya lile neno moja, nami niko jikoni nalisha watu.

Siku ya kuanua tanga khitma ikasomwa, watu wakala, ikabaki vyombo kutoka. Kwetu vyombo haviondoki kimyakimya. Mtu wa umoja husimama mlangoni kwa wanawake, akawapa wafiwa pole ya mtaa, wakaitikia, ndipo mikeka ikunjwe. Hiyo ilikuwa kazi ya Bi Somoe, lakini sauti ilikuwa imemkauka kabisa, anatoa pumzi tu. Akanigusa bega, akaonyesha mlango. Nikatikisa kichwa. Akaonyesha tena.

Nikasimama pale na kanga yangu ya jikoni. Chumba kilikuwa na giza baada ya jua la nje, nikaona nyuso kidogokidogo, na ukutani Mama Issa, amekonda kwa siku zile chache, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Wote walijua nani amesimama, na walijua nani amekaa. Nikasema, "Asalaam alaikum. Kwa niaba ya Umoja wa Mtaa wa Mikoroshini, poleni sana wafiwa." Shangazi zake Issa wakaanza kuitikia, "Tumeshapoa," lakini Mama Issa akainua mkono, wakakatika.

"Huyo ni Fatu?"

"Ni mimi, mama."

"Sogea nikuone."

Nikasogea mpaka ukingo wa mkeka. Moyo ulikuwa unapiga kwa nguvu, mara ya kwanza tangu asubuhi ile. Nikajisemea, aseme, alisema kweli, asikilizwe. Akaniangalia usoni, kisha mikono, masizi yameingia mpaka ndani ya kucha.

"Umepika tangu siku ya kwanza," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimekula." Akakunja miguu. "Pole na wewe, mwanangu. Umefiwa."

Nikajibu kama inavyojibiwa, "Nimeshapoa, mama," na haikuwa kweli, kwake wala kwangu. Akajivuta kando kwenye mkeka, akapapasa mahali alipopaacha. Nikakaa. Nje Mzee Konstantini akaita, "Fatu! Masufuria haya nani anayasimamia?" nikasikia kofi la kanga mbichi, Bi Somoe amemchapa anyamaze, sauti hana. Kisha wenzangu wakaanza kusugua. Nilikaa begani kwa Mama Issa, mikono mapajani, nasikia mchanga unakwaruza kwenye masufuria bila mimi.